Digrii ya Biashara ya Ng'ambo: Mjadala wa Isiolo

Shahada ya biashara inayosomewa ng'ambo ni mojawapo ya njia ambazo vijana wa Isiolo huzitafakari wanapotaka kupanda cheo au kukuza biashara ya nyumbani. Mara nyingi huwa ni shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, maarufu kama MBA, ambayo Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuifundisha mwaka 1908. Huko Marekani shahada hiyo kwa kawaida huchukua miaka miwili. Vyuo vingi vya Uingereza huimaliza kwa mwaka mmoja. Wanaoiwania ni karani wa benki anayetaka kuwa meneja wa tawi, afisa wa kaunti anayetazamia ukurugenzi, mhasibu wa shirika la misaada, na mtoto wa mfanyabiashara wa mifugo anayetarajiwa kuipokea biashara ya wazazi.

Isiolo ni mji wa njia panda. Barabara moja inatoka Nairobi na Meru, nyingine inakwenda Marsabit na Moyale mpakani mwa Ethiopia, na nyingine inaelekea Wajir na Mandera. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti nzima, wengi wao wakitegemea ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo kwa namna moja au nyingine. Kazi za mshahara ni chache, na familia inayompeleka mtoto ng'ambo aghalabu huuza mali ambayo ndiyo iliyokuwa ikiilisha. Ndiyo maana uamuzi huu hujadiliwa na ukoo mzima, wala haumhusu mwombaji peke yake.

Hoja inayojadiliwa hapa ni kwamba kijana wa Isiolo anayetaka kuendelea kikazi aende akasomee biashara ng'ambo. Wanaozungumza ni wanne, nao hawana majina kwa kuwa kila mmoja anabeba sauti za wengi: Mhitimu, anayeiunga mkono hoja, Mhadhiri, anayeipinga, Mfanyabiashara wa mifugo, na Mzazi.

Tangu ndege ya 1959

Mhitimu: Kenya ilijengwa kwa sehemu kubwa na watu waliosomea nje. Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 waliokuwa wakienda vyuo vya Marekani, kwa juhudi za mwanasiasa Tom Mboya na wafadhili wa huko. Kufikia 1963 takriban vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamenufaika na mpango huo, Wangari Maathai akiwa mmoja wao. Kaskazini haikupata fungu lake. Isiolo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo ambalo mkoloni alilifunga kwa sheria, mtu asiingie wala asitoke bila kibali. Baada ya Uhuru vikaja vita vya Shifta vya kutaka kujitenga, na sheria za hali ya hatari zikabaki hadi 1991. Anayekwenda leo anaziba pengo lililoachwa siku zile.

Mhadhiri: Historia hiyo haina ubishi, lakini sababu iliyowasafirisha vijana wa 1959 imekwisha. Wakati huo Kenya haikuwa na chuo kikuu chake. Chuo Kikuu cha Nairobi kilisimama peke yake mwaka 1970. Leo MBA inafundishwa Nairobi kwenyewe, na shule ya biashara ya Strathmore ipo tangu 2005. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, ambako mtu wa Isiolo anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. James Mwangi aliipata digrii yake ya biashara Chuo Kikuu cha Nairobi, akajiunga na Equity ikiwa shirika dogo la mikopo ya nyumba lililokuwa limefilisika mwaka 1993, na kufikia 2004 ilikuwa benki kamili.

Mhitimu: Na Peter Ndegwa, mwalimu, aliyeshika uongozi wa kampuni ya simu ya Safaricom Aprili 2020, ana MBA ya London Business School.

Mhadhiri: Anayo, na kabla yake alisomea uchumi Nairobi. Mifano hii miwili haimalizi ubishi kwa upande wowote. Inachoonyesha ni kwamba wote wawili walikaa miaka kwenye kazi za hesabu na fedha kabla ya kukabidhiwa uongozi. Kijana anayesoma habari zao huona cheti, hiyo miaka haioni.

Cheo hutolewa kwa kipimo gani

Ajira za Kenya hazipimi digrii ya ng'ambo kwa mizani moja. Katika utumishi wa umma, serikali kuu na kaunti, cheo hufuata muundo wa utumishi. Nafasi za juu nyingi hudai shahada ya uzamili, lakini hudai pia kozi za uongozi za Kenya School of Government, ambazo ni za wiki chache. Bodi ya utumishi wa umma ya kaunti haimpi alama za ziada aliyesomea Manchester kuliko aliyesomea Nairobi, ikiwa shahada zote mbili zinatambuliwa.

Katika uhasibu, mlango hufunguliwa na mitihani ya KASNEB, bodi iliyoanzishwa mwaka 1969, na uanachama wa taasisi ya wahasibu, ICPAK. Mhasibu mwenye MBA ya nje na asiye na CPA, cheti cha mitihani hiyo, hatii saini kwenye ukaguzi wa hesabu. Katika kampuni za kimataifa, benki kubwa na mashirika ya maendeleo mambo huwa tofauti, kwa sababu anayeajiri mara nyingi naye alisomea nje, anavijua vyuo kwa majina, na anatafuta mtu atakayezungumza na makao makuu ya London au Geneva bila kubabaika.

Mhitimu: Hapo ndipo faida kubwa ilipo. Darasa la MBA la nje huwakutanisha watu wa nchi nyingi. Kijana wa Isiolo akikaa meza moja na mtu wa Muscat anayeagiza nyama na mwenzake wa Mumbai anayeuza mitambo ya kupozea maziwa, anapata simu za kupiga maisha yake yote. Watu hao hawapatikani Nchiru.

Mhadhiri: Wanapatikana kwa anayejua atawauliza nini. Mwajiriwa wa kaunti akienda Uingereza kutafuta cheo cha hapa, atarudi akute mwenzake aliyebaki amemaliza uzamili Nairobi na kozi ya uongozi, na amepanda. Kosa lake ni kulipia kipimo ambacho mwajiri wake hakitumii.

Maziwa, ngamia na daftari

Upande wa biashara binafsi ndio wenye mengi, na biashara ya maziwa ya ngamia inauonyesha vizuri. Maziwa hukamuliwa kwenye mazizi ya mbali, hutiwa katika vyombo vilivyofukizwa moshi wa kuni teule, kisha husafirishwa kwa pikipiki na magari hadi Isiolo mjini. Kina mama huyapokea, huyanusa na kuyaonja, huyamimina kwenye jirikeni na kuyapoza usiku kwenye friza. Kesho yake jirikeni hupakiwa kwenye basi la Nairobi, na wanunuzi wa Eastleigh huyangojea. Ushirika wa wanawake wa Anolei unajulikana sana katika biashara hii. Jirikeni moja ikichacha njiani, swali ni nani abebe hasara: mchungaji, mwenye pikipiki, aliyepokea, au aliyechelewesha basi.

Mfanyabiashara: Swali hilo halijibiwi na profesa. Mama aliyeyapokea maziwa anajua kwa pua yake zizi lipi halikuosha chombo. Mnadani, dalali humkadiria fahali uzito kwa kumtazama, na mali hutolewa kwa mkopo bila karatasi kwa sababu koo zinajuana. Mtoto akitumwa ng'ambo kwa miaka miwili, anarudi hana jicho wala hajulikani. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mhitimu: Mzee wangu, wahenga hao hao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pua ya mama inaokoa jirikeni ya leo. Haimwambii kama kununua tangi la kupozea kutalipa baada ya miaka mitatu au minane. Kujuana kwa koo kunatosha kati ya Merti na Isiolo, lakini mnunuzi wa Ghuba hamjui yeyote. Anataka cheti cha daktari wa mifugo, cheti cha halali, dhamana ya benki, na nyama inayofika siku iliyoandikwa. Ujenzi wa machinjio ya kisasa ya Isiolo ulichukua zaidi ya miaka kumi. Jengo kama hilo likishasimama, linahitaji watu wanaojua mikataba ya usafirishaji na hesabu za kupoza nyama, la sivyo linabaki kuta.

Mfanyabiashara: Kijana wangu, taja elimu moja ya nje iliyomfaa mfugaji, tuone.

Mhitimu: Bima ya mifugo. Andrew Mude, Mkenya aliyesomea uchumi Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliongoza kazi hiyo katika taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI. Hakuna kampuni ya bima inayoweza kumtuma mtu nyikani akahesabu kila mzoga. Wakabuni bima inayotazama rangi ya malisho kutoka setilaiti: kijani kikipungua kuliko kiwango kilichowekwa, mfugaji analipwa bila kuonyesha mzoga wowote. Ilianza Marsabit mwaka 2010, na mwaka 2016 Mude akapewa tuzo ya Norman Borlaug ya utafiti wa nyanjani.

Mfanyabiashara: Mfano huo unakubalika, lakini usimaliziwe njiani. Waislamu wengi waliikataa bima ya kawaida kwa sababu ya shaka za kidini, na mwaka 2013 ikaletwa Wajir kwa sura ya takaful, ambapo wanachama huchangia mfuko wao na kubeba hasara pamoja. Elimu ya setilaiti ilitoka mbali. Iliyoifanya ikubalike ilikuwa hapa hapa, kwa masheikh na wazee.

Mhadhiri: Basi pande zote mbili zimesema jambo moja. Elimu ya nje ilizaa matunda ilipokutana na tatizo lililokwisha kufahamika kwa undani nyumbani.

Gharama na jinsi zinavyolipwa

Mzazi: Hayo yote ni mazuri, lakini anayelipa ni nani? Karo ya MBA ya London Business School imepita pauni 100,000. Harvard inataka zaidi ya dola 70,000 kwa mwaka, kabla mtoto hajala wala kulala. Vyuo vya kawaida ni nafuu kuliko hivyo, lakini ada nyingine hazipungui. Uingereza inamtoza mwanafunzi pauni 776 kwa mwaka za huduma ya afya tangu 2024. Kanada, kuanzia Januari 2024, ilipandisha akiba ambayo mwanafunzi alipaswa kuionyesha, mbali na karo, kutoka dola 10,000 za nchi hiyo hadi 20,635.

Gharama hizo huhesabiwa kwa fedha za kigeni ilhali mapato ni ya shilingi, na hapo ndipo mipango mingi huvunjika. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ya Marekani iliuzwa karibu shilingi 123. Januari 2024 ilifika karibu 160, kisha ikarudi kwenye 130 kufikia katikati ya mwaka. Familia iliyohitaji dola 20,000 iliona hitaji lake likipanda kutoka shilingi milioni 2.46 hadi milioni 3.2 ndani ya mwaka mmoja, bila chuo kuongeza hata senti. Muda mfupi kabla ya hapo mvua ilikuwa imekosekana misimu mitano mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa nchini. Waliokuwa wamepanga kuuza ng'ombe walikuta ng'ombe wamekonda, bei imeanguka, na dola imepanda.

Mzazi: Na mkopo wa benki una riba, ambayo nyumba nyingi za Isiolo haziigusi kwa imani. Kinachobaki ni harambee, na pesa ya harambee ni deni. Kila aliyechanga atakuja siku moja na mtoto wake.

Mhitimu: Ndiyo sababu njia ya kwanza iwe ufadhili, mama. Chevening ya serikali ya Uingereza, iliyoanza 1983, hulipa karo, nauli na posho ya mwaka mzima wa uzamili. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola ulianzishwa 1959 na bado unatolewa. Uturuki ina ufadhili wa Türkiye Bursları tangu 2012. Maombi hayana ada. Yanayohitajika ni muda, barua za wadhamini, na maelezo yanayoeleweka ya kazi ambayo mwombaji anataka kuja kuifanya.

Mhadhiri: Na Chevening haimpi aliyetoka chuo jana. Inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Wafadhili wenyewe wameona kwamba elimu ya uongozi humfaa aliyekwisha kuhangaika na kazi halisi. Asiyepata ufadhili ana njia nyingine pia. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kipo Mbale tangu 1988, na Kampala kuna vyuo ambako Wakenya wengi wamesoma. Chuo Kikuu cha London kimekuwa kikitoa digrii kwa wanaosoma wakiwa mbali tangu 1858. Leo masomo hayo hufuatwa kwa intaneti na mtu akiwa kazini kwake.

Mawakala, vita na makaratasi

Hatari za safari ya masomo ni za aina tatu. Ya kwanza ni wakala. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa kupitia mpango wa kaunti wa kuwapeleka watoto wao vyuo vya Finland na Kanada. Wanafunzi kadhaa walikuwa wamekwama huko kwa karo ambazo hazikufika vyuoni, na suala hilo likaishia mahakamani. Funzo lake liko wazi: karo ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na risiti itoke chuoni, hata kama anayesimamia mpango ni ofisi ya umma.

Ya pili ni siasa za nchi ya kigeni. Khartoum, pamoja na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kilichoko huko, ilikuwa kimbilio la wanafunzi wengi Waislamu wa Kenya. Vita vilipozuka tarehe 15 Aprili 2023, serikali ililazimika kuwaokoa Wakenya, wengi wao wanafunzi. Hata penye amani, sheria hubadilika mwanafunzi akiwa bado anatafuta visa. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa uzamili Uingereza hawaruhusiwi kwenda na mke, mume au watoto, na mwezi huo huo Kanada iliweka kikomo cha vibali vya masomo.

Ya tatu ni cheti chenyewe. Digrii ya nje haitumiki Kenya katika ajira rasmi mpaka itambuliwe na kulinganishwa na za hapa. Kazi hiyo imetajwa katika Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, iliyounda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na katika sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za kielimu ya 2014. Waajiri wamekuwa wakali zaidi baada ya ukaguzi wa vyeti vya watumishi wa umma kufichua vyeti bandia kwa maelfu.

Mzazi: Basi swali la kwanza kwa kijana liwe hilo: chuo hiki, Nairobi wanakijua?

Mhadhiri: Naam, nalo liulizwe kabla ya kulipa hata shilingi moja. Chuo kisichotambuliwa nyumbani kinaweza kuwa na jengo zuri na jina la kuvutia, na bado mhitimu wake akawa kama hakusoma.

Kurudi au kubaki

Mfanyabiashara: Wengi hawarudi. Ukoo unachanga, mtoto anakwenda, na Isiolo inabaki na picha.

Mhitimu: Anayebaki naye si mali iliyopotea, mzee wangu. Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, na fedha hizo zimejenga nyumba, zimechimba visima na kulipa karo za wadogo. Tangu Julai 2021 Uingereza humruhusu mhitimu wa uzamili kukaa miaka miwili akifanya kazi, ingawa serikali yake imeamua kuupunguza muda huo. Kazi ya miaka hiyo hulipa deni na humpa mtu ujuzi ambao darasa halikumpa.

Mfanyabiashara: Fedha zinafika, lakini fedha haziendeshi ushirika wala hazikai kwenye kamati ya soko. Kinachokosekana hapa ni mtu.

Mhadhiri: Ufadhili mwingine umelijibu hilo kwa mkataba. Anayepewa Chevening hukubali kurudi kwao kwa muda usiopungua miaka miwili. Ukoo unaochanga unaweza kufanya vivyo hivyo kwa makubaliano ya wazi, yaliyoandikwa kabla ya safari: nini kitarudishwa, kwa muda gani, na kwa kazi au kwa fedha. Lawama nyingi za baadaye hutokana na ahadi ambazo hazikutamkwa.

Panapokubaliwa

Baada ya kusikilizana, sauti nne zinakubaliana katika mambo matano, ingawa Mhitimu bado anaipa safari uzito na Mhadhiri bado anautilia shaka.

Kwanza, kazi itangulie digrii. Miaka miwili au mitatu katika benki, ofisi ya kaunti, ushirika wa maziwa au soko la mifugo humwonyesha kijana ni ujuzi upi anaoukosa, na ndiyo inayomfungulia ufadhili.

Pili, kipimo cha mwajiri kijulikane mapema. Anayelenga cheo cha kaunti au uhasibu asomee nyumbani, kwa sababu ndiko kipimo chake kiliko. Anayelenga kampuni za kimataifa, fedha za Kiislamu za kiwango cha dunia, au soko la nyama la Ghuba ana sababu ya kuvuka mpaka.

Tatu, chuo kihakikiwe kwa mamlaka za Kenya kabla ya kulipwa, na malipo yasipitie mkononi mwa mtu wa kati.

Nne, mifugo ya uzazi isiuzwe kwa ajili ya karo. Madume na akiba vinaweza kutumika. Majike yanayozaa na kutoa maziwa ndiyo yanayosomesha watoto wanaofuata, na digrii ya mmoja isiyamalize yote. Ufadhili ukikosekana mwaka huu, kuomba tena mwaka ujao ni nafuu kuliko kufilisi zizi. Hesabu ya fedha za kigeni nayo iachiwe nafasi ya shilingi kushuka.

Tano, wanaochanga na anayekwenda waandikiane. Isiolo imeunganishwa na Moyale kwa lami, ina uwanja wa ndege, na ina maziwa na nyama vinavyotakiwa mbali. Inachohitaji zaidi ni watu wa kusimamia njia kati ya zizi na mnunuzi kwa hesabu zinazokaguliwa. Digrii ya ng'ambo inayomtoa mtu wa namna hiyo inastahili gharama yake. Isiyomtoa ni ghali, hata kama karo yake ililipwa na mwingine.